Ofisi ya biashara ya serikali ya kigeni yataka kupanga jengo langu: je, wana kinga?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa hapa Mombasa. Marehemu baba yake amewaachia, yeye na ndugu zake, jengo la orofa tatu karibu na barabara ya Nkrumah. Serikali moja ya kigeni inataka kupanga orofa ya pili kwa miaka 5, iweke ofisi ya kukuza biashara kati ya nchi hiyo na wafanyabiashara wa Pwani. Dalali aliyewaleta amemwambia: "Hawa ni kama ubalozi. VAT hawalipi, na mahakamani hawapelekwi." Rasimu ya mkataba nayo ina kifungu kisemacho kuwa hakuna neno lolote ndani yake litakalohesabiwa kuwa mpangaji ameachilia kinga zake, yaani ulinzi wa kutoshtakiwa wala kukamatiwa mali. Dada anauliza: wakiacha kulipa kodi atawafanya nini? Atie saini au akatae? Na mpwa wake ameahidiwa kazi ya udereva katika ofisi hiyo. Naye atakuwa na kinga?

Wa alaykum salaam, dada yangu, na Mwenyezi Mungu amrehemu mzee.

Wapangaji hao usiwakatae, na karatasi hiyo usiitie saini kama ilivyo. Kati ya mambo hayo mawili pana kazi ya wiki mbili tatu, nami nitakueleza kazi yenyewe.

Kwanza tuliweke kando neno la dalali. "Kama ubalozi" ni kitu ambacho sheria haikijui. Ofisi ya serikali ya kigeni ikiwa Mombasa, ama ni sehemu ya ubalozi ulioko Nairobi, ama ni ubalozi mdogo, ama imepewa kinga kwa makubaliano mahususi na Serikali ya Kenya, ama ni mpangaji kama mpangaji wa duka lako la chini. Bendera mlangoni na nembo kwenye barua havimpi mtu kinga. Anayeitoa ni Kenya, na inatolewa kwa maandishi. Kwa hiyo swali lako la kwanza kwao si "mtalipa lini". Waulize: "Nyinyi ni nani mbele ya Wizara ya Mambo ya Nje?"

Sheria yetu kuhusu mambo haya ni Sura ya 179 ya Sheria za Kenya, na ndiyo iliyoingiza nchini vifungu vya Mikataba miwili ya Vienna: ule wa 1961 wa mabalozi, na ule wa 1963 wa mabalozi wadogo. Mkataba wa 1961, katika Kifungu cha 3, unahesabu ukuzaji wa uhusiano wa kiuchumi kuwa miongoni mwa kazi za ubalozi. Ndiyo maana mwambata wa biashara aliye ndani ya ubalozi, akiwa ameandikishwa Wizarani, ni mwanadiplomasia sawa na wenzake. Biashara anayoishughulikia ni ya nchi yake. Akifungua duka lake mwenyewe pembeni, Kifungu cha 31 hakimkingi katika kesi ya duka hilo, na Kifungu cha 42 kinamkataza kulifungua hata kabla ya kesi.

Lakini wewe hauko Nairobi, na hapa ndipo ninapotaka utulie. Kifungu cha 12 cha Mkataba huohuo kinasema nchi inayotuma haiwezi kuweka ofisi iliyo sehemu ya ubalozi wake katika mji mwingine, nje ya ule ulipo ubalozi, bila kupata kwanza idhini ya wazi ya nchi mwenyeji. Idhini hiyo haidhaniwi, na haipatikani kwa kimya. Ikiwa wageni wako wanasema ofisi ya Mombasa ni mkono wa ubalozi wao wa Nairobi, basi Kenya imekubali jambo hilo kwa maandishi, au mkono huo haupo kisheria. Waombe nakala ya maandishi hayo. Mpangaji mwenye idhini hataona taabu kukuonyesha. Akianza kukuzungusha, umeshapata nusu ya jibu.

Njia ya pili ni ubalozi mdogo. Mji wetu unazijua ofisi hizi tangu zamani: India ina Ubalozi mdogo wake hapa, Uganda na Tanzania vilevile, maana bandari ndiyo roho ya shughuli zao. Na kwa watu wa Pwani si jambo geni ofisi ya dola na biashara kukaa kiti kimoja. Sayyid Said alifunga mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na konseli wao (yaani balozi mdogo) wa kwanza kuja Unguja, Richard Waters, aliyefika 1837, alikuwa konseli na mfanyabiashara kwa pamoja. Siku zile mkataba ulimpa konseli hata mamlaka ya kuamua ugomvi wa Wamarekani wenyewe kwa wenyewe. Hayo yamekwisha. Kinga ya mtumishi wa ubalozi mdogo leo ni nyembamba: inafunika matendo ya kazi yake tu. Kifungu cha 43 cha Mkataba wa 1963 kinaitoa nje ya kinga kesi ya mkataba ambao mtumishi aliufunga bila kueleweka kuwa anaufunga kwa niaba ya nchi yake, na pia kesi ya madhara ya ajali ya gari, chombo cha majini au ndege. Hata jengo lenyewe halikingwi lote. Kinachokingwa ni sehemu inayotumika kwa kazi ya ubalozi mdogo peke yake, na moto ukizuka, idhini ya kuingia huhesabiwa kuwa imeshatolewa. Kwa mtu mwenye wapangaji orofa ya juu na ya chini, hilo la moto si dogo.

Na ukisikia "balozi mdogo wa heshima", fahamu kuwa mara nyingi huyo ni mfanyabiashara wa mjini aliyepewa kazi hiyo juu ya shughuli zake. Ofisi yake haina ule mwiko wa kuingiwa. Zinazolindwa ni nyaraka za kazi ya ubalozi, tena sharti azitenge na karatasi zake za biashara.

Njia ya tatu ndiyo inayowachanganya watu wengi, wakiwemo mawakili. Nchi nyingi zimeunda mashirika ya serikali ya kukuza biashara. Japani ina JETRO, Korea Kusini ina KOTRA, na yote mawili yana ofisi Nairobi. Shirika la namna hiyo linaweza kumilikiwa na serikali kwa asilimia mia na bado likawa na nafsi yake kisheria, mbali na ubalozi. Kumilikiwa na serikali peke yake hakuligeuzi kuwa ubalozi. Likitaka kinga, hutafutiwa mlango wake. Tazama Hong Kong: ofisi zake za uchumi na biashara ng'ambo si balozi, kwa kuwa Hong Kong si nchi huru. Ndiyo maana Uingereza ilitunga sheria mahususi kwa ajili ya ofisi hizo mwaka 1996, na Marekani ikafuata mwaka 1997. Mabunge mawili makubwa yaliona haja ya kuandika sheria nzima ili ofisi ya biashara ipate kinga. Basi dalali wa Mombasa hawezi kuitoa kwa mdomo.

Kisa ninachokipenda kuwasimulia vijana wa ofisini kwangu ni cha London, mwaka 1927. Kwa makubaliano ya biashara ya 1921, Urusi ya Kisovieti ilikuwa na ujumbe wa biashara mjini humo, nao wakuu wake wakidai kinga. Katika jengo hilohilo la mtaa wa Moorgate ilikuwamo Arcos, kampuni ya biashara ya Wasovieti iliyosajiliwa Uingereza kama kampuni yoyote. Tarehe 12 Mei polisi waliingia na hati ya upekuzi. Kampuni haikuwa na kinga, ujumbe ulidai kuwa nayo, na kuta zilikuwa za jengo moja. Wasovieti walipiga kelele kuwa kinga imevunjwa, Waingereza wakasema walikuwa wakiipekua kampuni, na kabla ya mwezi kwisha uhusiano wa nchi hizo mbili ulikatwa. 

Kwa hiyo tazama jina lililoandikwa mahali pa mpangaji. Ni "Serikali ya" nchi fulani? Ni ubalozi? Ni shirika? Ni kampuni? Nenda kwa Msajili wa Kampuni uulizie jina hilo. Ukilikuta limesajiliwa kama kampuni, au kama tawi la kampuni ya kigeni, kile kifungu cha kinga hakina mizizi, nawe una haki ya kuwaambia wakitoe. Halafu uwabane wasimwingize mwingine orofani bila ruhusa yako ya maandishi. Sitaki siku moja ukute ofisi ya serikali na kampuni binafsi zikitumia meza moja, na kila ukidai kodi mmoja anakuelekeza kwa mwenzake.

Tuseme sasa wana kinga ya kweli, na barua ya Wizara umeiona. Wakiacha kulipa, mahakama itakusikiliza?

Kenya haina sheria ya Bunge inayoeleza kinga ya dola za kigeni mahakamani. Tunakwenda na maamuzi ya majaji. Mahakama yetu ya Rufaa, katika kesi ya mwaka 1983 iliyohusu Wizara ya Ulinzi ya Uingereza, ilisema kinga hiyo si ya moja kwa moja. Kipimo ni hiki: serikali ile ilikuwa ikitenda kama mtawala, au kama mtu wa kawaida chini ya sheria za watu binafsi? Baadaye, katika kesi ya Tononoka Steels na benki ya maendeleo ya kanda ambayo watu waliizoea kwa jina la PTA Bank, mahakama hiyohiyo ilikataa benki ijifiche nyuma ya kinga katika mkataba wa kawaida wa kibiashara. Kupanga orofa kwa kodi ya mwezi ni jambo alifanyalo hata kinyozi. Kwa maoni yangu una hoja nzito kabisa ya kusikilizwa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa.

Lakini usiitegemee Katiba ikufanyie kazi yote. Watu hunijia wakisema Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kufikia mahakama, basi kinga imekufa. Mwaka 2017 Mahakama ya Upeo, katika kesi iliyohusu Shelter Afrique, haikukubali hoja hiyo. Shelter Afrique ni shirika la kimataifa, si dola, lakini kinga kama kinga haikuonekana kuwa kinyume cha Katiba. Na likizuka swali mahakamani kama fulani ana kinga au hana, hati ya Waziri wa Mambo ya Nje kuhusu ukweli wa hali yake ndiyo neno la mwisho. Ndiyo sababu nakusukuma uulizie sasa, ungali na ufunguo mkononi.

Halafu kuna jambo linalouma zaidi ya kushtaki. Kushinda kesi ni kitu kimoja, kushika pesa ni kingine. Kifungu cha 22 cha Mkataba wa 1961 kinasema jengo la ubalozi halivamiwi, na samani, mali zilizomo na magari yake hazipekuliwi, hazikamatwi wala hazichukuliwi kwa hukumu. Ile njia tuliyoizoea hapa, ya kumtuma dalali wa mahakama akafungie vitu vya mpangaji aliyelimbikiza kodi, imefungwa. Akaunti ya benki nayo ni vivyo hivyo: mahakama ya juu kabisa ya Uingereza mwaka 1984, katika kesi dhidi ya Kolombia, ilikataa akaunti ya ubalozi ikamatwe kwa kuwa pesa zake zilitumika pia kuendesha ubalozi. Wasiwasi huu wa mabalozi ni wa tangu zamani. Mwaka 1708 wadai walimkamata barabarani London balozi wa Urusi, Andrey Matveev, kwa sababu ya deni, na aibu ile ndiyo iliyozaa sheria ya kwanza ya Bunge la Uingereza kuhusu kinga za mabalozi.

Niliwahi kuona mzee mmoja wa hapa mjini, mwenye nyumba kama wewe, amefunga kwa kufuli ofisi ya wapangaji wa aina hii baada ya miezi saba bila kodi. Haki ya deni alikuwa nayo yote. Kwa lile kufuli, akajikuta yeye ndiye anayeandikiwa barua na serikali yake mwenyewe. Alifungua, wakahamisha vitu vyao, na deni lile alilifuatilia zaidi ya mwaka. Iliniuma, kwa sababu laiti angekuja kabla ya kutia saini, tungelimaliza kwa kurasa mbili.

Kurasa zenyewe ni hizi. Kinga ni mali ya dola, si ya ofisa, na dola inaweza kuiachilia. Kifungu cha 32 cha Mkataba wa 1961 kinataka kuachilia huko kuwe kwa maneno ya wazi. Tena, na hapa ndipo wengi wanapoteleza, kukubali kushtakiwa hakuhesabiwi kuwa kukubali hukumu itekelezwe. Ni idhini mbili tofauti. Kwa hiyo kile kifungu chao kiondoke, na mahali pake paandikwe mawili: kwamba kwa madai yote yatokanayo na mkataba huu mpangaji anaachilia kinga ya kushtakiwa, na kwamba anaachilia pia kinga ya utekelezaji wa hukumu, angalau juu ya amana na dhamana iliyotajwa. Na atie saini mwenye mamlaka ya kuifunga dola yake. Meneja wa ofisi ya biashara mara nyingi hana mamlaka hayo. Omba saini ya balozi mwenyewe, au barua yake inayompa meneja uwezo huo.

Watakubali? La kwanza huenda wakalikubali. La pili nchi nyingi hulikataa katakata, nami sitakudanganya. Ndipo tunapohamia kwenye pesa zisizohitaji mahakama. Kodi ilipwe kwa robo mwaka au nusu mwaka, mbele. Amana ya miezi sita. Juu ya hayo, dhamana ya benki iliyoko Kenya, inayolipwa ukidai tu: hapo mdaiwa wako ni benki, na benki haina kinga. Nikilazimika kuchagua kati ya ukurasa mzima wa maneno ya kuachilia kinga na dhamana moja ya benki, nachukua dhamana. Ongeza kifungu cha kuvunja mkataba mapema. Ofisi hizi hufungwa bajeti ikikatwa kwao, bila kosa lako, nawe utahitaji taarifa ya miezi sita na kodi yake. Na kwa kuwa ni miaka 5, mkataba usajiliwe kwenye ofisi ya ardhi. Ule unaopita miaka 2 hauachwi kabatini.

Kinga haifuti deni. Inamzuia hakimu tu. Kwa hiyo hata mahakama ikishindikana, andika barua Wizara ya Mambo ya Nje, uambatishe mkataba na hesabu. Kifungu cha 41 kinawalazimu wenye kinga kuheshimu sheria za nchi mwenyeji, na balozi zinaiogopa aibu hii. Nimeona barua moja iliyoandikwa kwa adabu ikilipisha kilichoshindikana kwa simu ishirini.

Kuhusu VAT: msamaha hauji kwa neno la mpangaji. Mpaka akuletee kibali halali kilichopitia Wizara na Mamlaka ya Ushuru, mtoze asilimia 16 kama wengine, maana ikikosekana utadaiwa wewe. Na Kifungu cha 23 cha Mkataba wa 1961 kinasema waziwazi kuwa msamaha wa ubalozi haumfuniki anayefanya mkataba nao. Reti za kaunti na ushuru wa mapato yako ya kodi vitabaki vyako. Dalali akikwambia jengo zima limesamehewa, mwulize ameyasoma wapi.

Amebaki mpwa wako. Yeye ni Mkenya anayeajiriwa hapahapa, na kwa Kifungu cha 38 cha Mkataba huohuo mtu wa namna hiyo hana kinga isipokuwa ile ambayo Kenya imeamua kumpa. Akisimamishwa na askari wa barabarani pale Buxton, namba za CD kwenye gari hazimfanyi yeye mwanadiplomasia. Mwambie aombe mkataba wa kazi wa maandishi, ahakikishe anakatwa na kulipiwa NSSF, ile akiba ya hifadhi ya jamii, kwa kuwa Kifungu cha 33 kinamlazimu hata mwanadiplomasia anayeajiri watu wa nchini kutimiza wajibu huo, na aone kwa macho yake cheti cha bima ya gari kabla ya kuugusa usukani. Bima ya mtu wa tatu ni lazima kwa sheria yetu, na akimgonga mtu, kampuni ya bima ndiyo mlango wa fidia kwa aliyeumia. Akija kudai mshahara wake siku moja, majaji wa nchi kadhaa siku hizi wanawasikiliza watumishi wa kawaida wa balozi. Mahakama Kuu Kabisa ya Uingereza ilifanya hivyo mwaka 2017 katika kesi iliyohusu ubalozi wa Sudan. Lakini bora asifike huko.

Niletee rasimu pamoja na barua yao ya Wizara, ikiwa wanayo. Kama hawana, waandikie leo uwape siku kumi na nne, na orofa usimwonyeshe mpangaji mwingine kwa muda huo, ili wasiseme uliwakimbia. Ufunguo ubaki kwako.